Likizo ya Agosti Nairobi: michezo ipo, lango la uwanja limefungwa

Mwaka 2025 shule zilifungwa Ijumaa ya Agosti 1 na kufunguliwa Jumatatu ya Agosti 25. Hapo katikati pana wiki tatu na ushei, na katika nyumba za Wapwani walioko Nairobi swali ni lile lile la kila mwaka: hawa watoto tuwafanye nini? Wazazi wanaulizana wakitoka msikitini, wanaulizana kwenye simu, wanaulizana wakipishana ngazini. Na majibu huwa ya aina moja: wapeleke mahali fulani, wanunulie kitu fulani, waandikishe kambi fulani. Yote ni ya kutoa pesa.

Mimi nina jibu jingine, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanipinga. Watoto wetu hawakosi michezo wala hawakosi wenzao wa kucheza nao. Wamekosa mahali. Na mahali penyewe papo, tena ni mali ya umma, ila palitiwa kufuli siku ile ile shule zilipofungwa. Nasema viwanja vya shule.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Nairobi, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa upande wa magharibi wa jiji, hapa kati ya Kawangware na Lavington. Agosti hii nina watoto watano nyumbani: watatu ni wangu, wawili ni wa dadangu aliyeko Muscat. Wasomaji wenye ndugu Ghuba wanaujua mpango huu. Shule za kule hufungwa mwisho wa Juni na hazifunguliwi hadi mwisho wa Agosti, joto likianza kupungua. Zetu hufungwa Agosti. Kwa hiyo mtoto wa Muscat na binamu yake wa Nairobi wana wiki hizi tatu tu za mwaka mzima za kujuana kama ndugu. Wakizimaliza mbele ya televisheni, kila mmoja na simu yake, tumepoteza kitu ambacho nauli ya ndege haitakirudisha.

Tulivyolelewa, na tunavyolea

Sisi tuliokulia Mji wa Kale, Majengo, Kibokoni au Lamu hatukuwa na kambi za likizo. Tulikuwa na vitu vitatu, na vyote vilikuwa bure. Cha kwanza ni mahali: uchochoro, kiwanja, ufuo maji yakitoka. Cha pili ni wenzetu, kila umri, wakubwa wakiwafunza wadogo gololi, mdako, nage na kombolela, na Agosti upepo wa kusi ukivuma tukirusha tiara juu ya mapaa. Cha tatu ni macho ya watu wazima. Barazani hapakosi mzee, mlangoni hapakosi nyanya, na anayeuza mabuyu au viazi karai anajua wewe ni mwana wa nani. Ukifanya utundu Kibokoni, habari ilikutangulia kufika nyumbani.

Nairobi vitu hivi vitatu vyote vina bei. Kilimani na Kileleshwa, ambako zamani kila nyumba ilikuwa na bustani yake, sasa maghorofa yamesimama bega kwa bega na uwanja wa watoto ni pale gari lilipotoka asubuhi. Mlinzi anawafukuza saa kumi na moja magari yakirudi. Kawangware na Kangemi hakuna hata hilo: watoto wanacheza njiani, mpira mguu mmoja na bodaboda mguu mwingine. Ajabu ni kwamba mtoto wa ghorofani mwenye baiskeli mpya na mtoto wa chumba kimoja mwenye mpira wa makaratasi wana shida moja. Wote wawili hawana pa kukimbilia.

Agosti 2025 shida hiyo ilionekana wazi zaidi kwa sababu ya kandanda. Kenya, Tanzania na Uganda walikuwa wenyeji wa CHAN, na Harambee Stars waliianza vizuri kuliko wengi tulivyotarajia: waliifunga Kongo 1–0 pale Kasarani Agosti 3, wakatoka sare na Angola, na Jumapili ya Agosti 10 wakaifunga Morocco 1–0 wakiwa wamebaki watu kumi uwanjani. Usiku ule kila mtoto wa mtaani kwetu alitoka nje na mpira. Asubuhi yake walikuwa wameshavunja kioo cha gari. Taifa linawashangilia wachezaji, na wale wanaotaka kuwa wachezaji wanakemewa kwenye maegesho.

Likizo ya kununua

Palipo na shida pana mfanyabiashara, wala simlaumu. Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands mwaka 1983 ilikuwa ni jambo geni, maduka yote chini ya paa moja. Leo upande huu wa jiji una majengo ya namna hiyo tele, kutoka Westlands hadi Ngong Road hadi Karen, na karibu kila moja lina pembe ya watoto: magari ya umeme, mabembea ya kujazwa hewa, sinema, michezo ya taa na kelele. Mtoto anafurahi kweli. Lakini mashine inahesabu dakika, na mama mwenye watoto watano anahesabu noti. Ukitoka hapo na chakula cha mchana umemaliza mboga ya wiki nzima. Kambi za likizo za kuogelea, kupanda farasi na kompyuta ndizo zinazotangazwa kila mahali, na ada zake ni maelfu ya shilingi kwa wiki kwa mtoto mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa huku hatulisemi kwa sauti. Jumamosi ya Septemba 21, 2013, magaidi walipoingia Westgate, juu kwenye maegesho ya gorofani palikuwa na mashindano ya upishi ya watoto. Watu 67 waliuawa katika siku zile. Tangu hapo kila mlango wa jengo kubwa una mlinzi na mashine, na sina ugomvi na hilo. Lakini mama aliyevaa buibui na watoto wake wanajua kwamba mkoba wao utapekuliwa mara mbili. Binti yangu wa miaka minane aliniuliza majuzi kwa nini sisi tunasimamishwa na wale waliotutangulia hawakusimamishwa. Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Ila nasema hivi: mahali pa watoto kucheza hapafai kuwa mahali ambapo mtoto anajifunza kwamba anashukiwa.

Wasioweza bei hiyo wana soko lao. Kawangware vibanda vya gemu vimejaa, shilingi 10 au 20 kwa mchezo mmoja, giza, moshi, na vijana wakubwa wanaobeti pembeni. Nyumbani ni simu. Na wapo wazazi wanaotafuta tuisheni, si kwa sababu mtoto ni mzito wa masomo, ila kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupata mtu wa kumwangalia mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni. Wakumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Sheria hiyo ilikusudia mtoto apumzike. Haikusema apumzikie wapi.

Jiji lenyewe lina nini?

Sitaki kusema Nairobi haina kitu. Ina hazina, na wageni wetu kutoka pwani na Ghuba wengi hawaijui, wanaishia kwenye maduka. Siku nikiwa na nafasi huwa nawachukua watoto kwa matatu hadi mjini, na nitataja mahali pachache.

Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya zamani, yalianzishwa mwaka 1971. Kwa mtoto wa Mombasa hii ni habari ya kwao: reli ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika hapa, penye kinamasi, mwaka 1899. Injini za mvuke zimepangwa nje, na watoto wanapanda. Lipo pia behewa ambalo simba alimtoa ofisa wa polisi, Ryall, kule Kima mwaka 1900. Waambie kisa hicho wakiwa ndani ya behewa lenyewe uone watakavyonyamaza.

Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, yana mifupa ya kijana wa Turkana, aliyechimbuliwa mwaka 1984 baada ya Kamoya Kimeu kuona kipande cha fuvu. Aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, na alikufa akiwa bado mtoto. Watoto wetu husimama mbele yake wakipima urefu. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, na kando yake ni nyumba ya nyoka.

Arboretamu, njia ya kwenda Kileleshwa, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayofaa, kwa kuwa reli ilikuwa inakula kuni nyingi. Ni kama hektari 30, na ina aina zaidi ya 300 za miti. Kwa kweli ukiniuliza mahali pamoja pa kumpeleka mtoto mkimbiaji, nitakutajia hapo. Beba mahamri na chupa ya chai, tandika leso, waache.

Lakini tuwe wakweli. Hivi ni vya siku moja, mbili. Kwa watoto watano, nauli ya kwenda na kurudi ndiyo ada kubwa kuliko ada ya mlangoni. Na mwaka 2025 mjini kwenyewe palikuwa na hofu. Juni 25 na Julai 7 barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa kwa seng'enge na magari ya polisi, moshi wa vitoa machozi ukatanda. Julai 7 hiyo hiyo binti wa miaka 12 aliuawa kwa risasi iliyomkuta ndani ya nyumba yao huko Kiambu. Baada ya habari kama hiyo, mama akisema Agosti hii hawapeleki watoto mjini, sina moyo wa kumwambia anaogopa bure.

Kwa hiyo tunarudi pale pale. Likizo haiishi kwa matembezi mawili. Likizo ni siku 23, na kila siku ina saa tisa alasiri, saa ile ambayo watoto wameshachoka na televisheni na mama ameshachoka na watoto. Wanachotaka saa hiyo ni mahali pa karibu, pa kwenda kwa miguu, pasipo mlango wa kulipia.

Viwanja havikubaki vyenyewe

Tusidhani kwamba vile vichache vilivyobaki Nairobi vilibaki kwa bahati. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, ilitolewa kwa umma na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ilitaka kugeuzwa maegesho ya ghorofa, na waliosimama kuizuia walikuwa pamoja na mjukuu wake, Zarina Patel. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1989, chama kilichokuwa kikitawala kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa, akaambiwa ni mwanamke asiyejua mipaka yake. Jumba halikujengwa. Vizazi vya watoto vilivyopanda mashua pale ziwani vina deni kwake, wakijua wasijue. Bustani hiyo ilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, zaidi ya miaka miwili ilipita watoto wakiiona kupitia ua tu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha hapa karibu. Januari 19, 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shule wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Watoto hao, pamoja na wanaharakati, wakausukuma ukuta ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha za watoto wenye sare za shule wakilia kwa moshi zilizunguka dunia nzima. Waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, aliomba radhi, na uwanja ukarudi kwa shule.

Tafakari hilo. Watoto walivuta moshi ili uwanja ubaki wa watoto. Na leo, mwezi wa Agosti, watoto hawa hawa wakiwa na wakati wa kucheza kuliko miezi yote, viwanja vya shule za umma upande wote huu vimefungwa, majani yanaota, na mlinzi amekaa kivulini akilinda magoli mawili. Tulipigania ardhi ikarudi, halafu tukaitia kufuli.

Kufungua lango kunawezekana

Wapo watakaosema shule haiwezi kufunguliwa wakati haina masomo. Lakini mbona hufunguliwa? Agosti 9, 2022 tulipopiga kura, tulipiga wapi? Madarasani. Malango yalifunguliwa alfajiri, wakapangwa walinzi na maofisa, na jioni hakuna aliyesema shule imeharibika. Na wasomaji wa Mombasa nawauliza: siku ya Idd wengi wetu tunaswali wapi? Kiwanja cha Ronald Ngala. Maelfu ya watu wanaingia, wanaswali, wanakumbatiana, wanatoka. Kama lango linaweza kufunguka kwa ajili ya kura na kwa ajili ya swala, linaweza kufunguka saa tatu za jioni kwa ajili ya mtoto mwenye mpira.

Wala si wazo la kuota. New York, jiji lenye uhaba wa ardhi kuliko letu, tangu mwaka 2007 limekuwa likifungua viwanja vya shule kwa watoto wa mtaa baada ya masomo na siku za mapumziko. Walifanya hesabu nyepesi: kutafuta ardhi mpya ni gharama isiyobebeka, na ardhi ya shule tayari ni ya umma, imekaa bure nusu ya mwaka.

Sheria nayo iko upande wetu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua haki hiyo. Haki isiyo na mahali pa kuitumia ni maneno ya karatasini.

Mwaka jana mimi na majirani tulimwendea mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa jirani, ambayo jina lake nitaliacha. Alitupokea kwa heshima na akatueleza hofu zake, na si hofu za kudharau. Mtoto akivunjika mkono, nani atajibu? Dirisha likivunjwa, nani atalipa? Mlinzi ni mmoja, je, atawatambua wa mtaani na wasio wa mtaani? Na akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: wapo watu wanaoitamani ardhi ya shule, na kila mgeni anayeingia anamtia wasiwasi. Tukaondoka bila ufunguo.

Tulikaa, tukajibu hofu moja moja. Mwaka huu tumerudi na barua. Tumesema tunataka uwanja tu, si madarasa. Tunataka siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili kasorobo. Watoto watakuwa na orodha ya majina na simu za wazazi. Kila siku wazazi watatu watakuwepo kwa zamu, mmoja akiwa mwanamume na mmoja akiwa mwanamke, na hakuna mtu mzima asiye kwenye zamu atakayeruhusiwa kukaa na watoto. Tutamwongezea mlinzi malipo ya saa zake. Kitakachovunjika tutalipa sisi, na tumetia sahihi. Na kuhusu wanaoitamani ardhi, tumemwambia hivi: uwanja wenye watoto sitini kila Jumamosi ni mgumu kunyakua kuliko uwanja wenye majani na mlinzi mmoja. Anayetaka kuweka ukuta huja likizo, wakati hakuna anayeona. Lang'ata watoto walikuta ukuta waliporudi kutoka likizo.

Jibu tulilopewa ni kwamba bodi ya shule italijadili itakapokutana muhula wa tatu ukianza. Yaani tutaruhusiwa au kukataliwa kutumia uwanja wa likizo baada ya likizo kwisha. Sikasiriki. Likizo ndefu inaanza mwisho wa Oktoba na itaendelea hadi Januari, wiki zaidi ya tisa. Bodi ikikaa Septemba, bado kuna wakati.

Pwani nayo isijisahau

Najua msomaji wa Mombasa atasema, hayo ni ya Nairobi, sisi tuna bahari. Wengi wa Nairobi pia wanafikiri hivyo, ndiyo maana Madaraka Express ikifika Agosti na Desemba hujaa watoto wanaopelekwa kwa nyanya. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda hadi shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na bado ndiyo kambi bora ya likizo ninayoijua: mtoto anapata bahari, binamu, na Kiswahili chake kinarudi mahali pake. Wangu na wa dadangu watapanda gari moshi hilo kabla shule hazijafunguliwa, inshallah.

Lakini nyanya anayewapokea amezeeka, na mtaa wake umebadilika. Uchochoro tuliochezea gololi sasa unapitwa na bodaboda na tuktuk. Ufuo ni wa umma kwa sheria, ila njia za kushukia zimebanwa na kuta za viwanja vya watu, moja baada ya nyingine. Uwanja wa manispaa ulibomolewa ili ujengwe upya, na ukakaa miaka bila kukamilika. Ukarabati wa Mama Ngina uliofunguliwa Oktoba 2019 ulitupa mahali pazuri pa kutembea jioni, na wazazi wengi tunashukuru, lakini eneo moja la mwambao haliwezi kubeba watoto wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Majengo wote kwa pamoja. Nairobi haikupoteza viwanja vyake kwa siku moja. Kilipotea kimoja, watu wakasema vipo vingine. Mombasa iko katika hatua hiyo ya kusema vipo vingine.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Zamani mikono mingine ilikuwa barazani bila kuitwa. Leo Nairobi, na kesho Mombasa, itabidi tuiite kwa orodha na zamu na barua. Hakuna aibu katika hilo.

Basi, kwa wazazi wenzangu ningependa tufanye mambo matatu kabla ya Oktoba. Kila mmoja atazame shule ya umma iliyo karibu naye, iwe Kangemi, Kilimani, Lang'ata au Tudor, aone kama ina uwanja na kama una hati. Atafute wazazi wengine wanne, wa dini yoyote na kabila lolote, kwa maana mtoto anayecheza hana habari na mambo hayo. Kisha waandike barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa chama cha wazazi na bodi ya shule, wakitaja siku, saa, majina ya watakaosimamia na atakayelipa hasara. Barua ifike Septemba, bodi zikiwa zinakaa. Wakikataliwa waombe sababu kwa maandishi, wazijibu, warudi tena.

Na kwa wakuu wa elimu, wa kaunti na wa taifa: waraka mmoja wa ukurasa mmoja, unaowaruhusu walimu wakuu kufungua viwanja wakati wa likizo kwa masharti yaliyo wazi, ungewaondolea hofu ya kubeba lawama peke yao. Hauhitaji kununua ardhi wala kujenga chochote. Unahitaji mtu wa kuutia sahihi kabla muhula wa tatu haujafungwa na makufuli kurudi mahali pake.